Siga inaungua upande mmoja: tatizo ni siga, ni uwashaji au ni hewa ya Dar?

Kibarazani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa siga, na ninaposema siga nina maana ya ile iliyoviringishwa kwa majani matupu ya tumbaku, si sigara ya paketi. Mwezi wa pili ndugu yangu aliniletea kasha la siga 20 kutoka safarini, zote zimeviringishwa Estelí, Nicaragua, kwa urefu wa inchi 5 na unene wa namba 50, saizi ambayo wenyewe huiita robusto. Chapa siitaji, kwa sababu bado sijajua kama kosa ni la mtengenezaji au ni langu.

Mpaka leo nimevuta nane, na sita kati ya hizo zimeungua vibaya. Moto unaanza vizuri, lakini baada ya kama dakika kumi upande mmoja unakimbia na mwingine unabaki nyuma, mpaka ncha ya siga inachongeka kama mtumbwi. Ya juzi ilipishana karibu sentimita mbili: upande mmoja jivu linaelekea kwenye pete, ile karatasi ya chapa inayozunguka siga, upande wa pili jani la nje liko kama lilivyotoka kwenye kasha. Nikigusisha moto upande uliochelewa, mstari unanyooka kwa dakika tano, kisha unarudia yaleyale.

Niko Dar es Salaam, si mbali na bahari, na navuta jioni barazani. Siga nazihifadhi katika kasha la mbao lenye kipima unyevu cha mshale, ambacho husoma asilimia 70 wakati wote, kama vitabu vinavyoshauri. Sifongo la ndani naliongezea maji kila Jumamosi. Nawasha kwa kiberiti cha gesi cha kawaida. Nakosea wapi?

Mpita Njia 09

Badilisha chapa, mkuu. Siga nzuri haina makuu hayo.

FundiMwerezi

Mpita Njia, nimewahi kuona siga za bei ya kutisha zikiungua kama kuni mbichi, na za bei ya kawaida zikaungua mstari ulionyooka kama wa rula. Bei hununua majani mazuri na mikono mizuri. Haiwezi kununua mahali zilipohifadhiwa baada ya hapo.

Kibarazani, kabla ya kumlaumu aliyeviringisha, tenganisha kwanza mambo matatu: upepo, uwashaji na siga yenyewe. Upepo una kipimo ambacho hakigharimu kitu. Siga ijayo, iangalie pale karatasi ya pete inapoungana, ukafanye hiyo ndiyo alama yako. Upande mmoja utakapoanza kutangulia, usiguse moto wala usibadili kiti. Izungushe siga nusu mzunguko tu, uendelee kuvuta kama dakika tano. Ikiwa sehemu ileile ya siga bado inaongoza ingawa sasa imetazama upande mwingine, upepo hauhusiki. Ikiwa uongozi umehama, na daima ni upande unaopigwa na upepo ndio unaokimbia, basi umepata mchawi wako, na dawa yake ni kuhamisha kiti. Usisahau na feni ya dari, maana watu huukimbia upepo wa baharini wakaenda kukaa chini ya feni.

Kuhusu kuwasha, wengi wetu tulijifunzia kwenye sigara ya paketi, ambapo unavuta na moto unashika papo hapo. Mguu wa siga, yaani ile ncha iliyo wazi, ni mpana karibu milimita 20 kwa unene wako wa 50, kwa sababu namba ile huhesabu sehemu za 64 za inchi. Ukivuta moto moja kwa moja, katikati na upande mmoja hushika na kingo nyingine hubaki zimeungua rangi tu. Kwa hiyo ubanike mguu kwanza: shika siga kwa mshazari juu ya mwali bila kuugusa, uizungushe polepole mpaka ukingo wote uwe mweusi na uanze kutoa moshi mwembamba. Ndipo uiweke mdomoni, uvute taratibu huku bado unaizungusha. Ukimaliza, igeuze uupulizie mguu kidogo. Ukiona kaa jekundu limejaa duara zima, umewasha. Ukiona doa jeusi limebaki mahali, rudisha mwali hapo hapo kabla hujaanza kustarehe. Kosa la dakika ya kwanza huonekana dakika ya kumi.

Kibarazani

Nashukuru sana, Fundi. Nimefanya yote mawili kwa siku mbili tofauti. Kipimo cha pete kimenionyesha kwamba upepo si mhusika mkuu, kwa sababu sehemu ileile ya siga iliendelea kuongoza hata nilipoigeuza, na mara ya pili nilikaa kabisa nyuma ya ukuta. Kubanika kumesaidia: robo ya kwanza iliungua vizuri kuliko zote nilizowahi kuvuta. Baada ya hapo mtumbwi ukarudi.

Kuna mambo mengine mawili nimeyaona sasa kwa kuwa naangalia kwa makini. Kwanza, inanibidi nivute kwa nguvu, kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija. Pili, karibu na moto jani la nje linapasuka kwa urefu, mpasuko wa kama sentimita moja, na mpasuko ukishatokea upande huo unakwenda mbio.

FundiMwerezi

Ungeanza na hayo mawili tungefika mapema. Siga inayovutika kwa shida, inayozimika au kupinda, na ambayo jani lake la nje linapasuka jirani na moto, katika uzoefu wangu ni siga yenye maji mengi. Majani ya ndani yaliyolowa huvimba, hubana njia za hewa, na yakipata joto huvimba zaidi, ilhali jani la nje ni jembamba na halina pa kwenda isipokuwa kupasuka. Na moto wenyewe hauna upendeleo, unafuata palipo pakavu. Kabla jani bichi halijaungua lazima maji yake yageuke mvuke, na kazi hiyo hula joto; kwa hiyo upande wenye unyevu zaidi hungoja wakati mwenzake ameshaondoka.

Sasa utaniambia kipimo kinasoma 70. Hapo ndipo ninapokitilia shaka, hasa vile vya mshale vinavyokuja vimebandikwa kwenye makasha. Tena nakuuliza kwa heshima: ni nani aliyekuambia uongeze maji kila Jumamosi, Dar es Salaam, katikati ya masika?

Kipime kwa chumvi. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, ukijaze chumvi ya mezani, udondoshee maji matone machache mpaka iwe kama mchanga uliolowa, isiwe uji wala maji ya chumvi. Kiweke ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na kipima unyevu, visigusane. Funga, liache kopo mahali pasipopigwa na jua, usilifungue kwa saa 24. Hewa iliyo juu ya chumvi yenye maji hutulia kwenye asilimia 75, na uzuri wake ni kwamba kiwango hicho hakibadiliki kwa maana katika joto la kawaida la nyumbani, uwe na kiyoyozi au usiwe nacho. Kipimo kikisoma 75, nitakuomba radhi hadharani.

Kibarazani

Hutaniomba radhi, Fundi. Nimetumia kopo la siagi ya karanga lililooshwa na kukaushwa. Baada ya saa 24 kipimo kilisoma 67. Nikadhani nimekosea, nikarudia kwa chumvi mpya, nikapata 67 tena. Maana yake ni kwamba kinapungukiwa 8, na ile 70 niliyokuwa naishangilia ilikuwa 78 hivi. Nilipolifungua kasha na kulinusa kwa nia hiyo, nikagundua lina harufu ya kabati la nguo wakati wa mvua. Siga moja ina vumbi jeupe karibu na kichwa, yaani ncha ya mdomoni. Nimesikitika sana.

Nairobi Juu

Pole, ndugu yangu. Hilo vumbi likifutika kwa kitambaa kikavu na halijaingia mguuni, siga bado yaweza kuokolewa. Kuvu likishaota ndani ya mguu, itupe bila huruma.

Mimi shida yangu hapa Nairobi ni kinyume cha yako, nami nimeona niiandike ili asije mtu akasoma uzi huu akakausha siga ambazo tayari ni kavu. Mwezi wa pili, kabla ya mvua, hewa hukauka mpaka jani la nje linatoa sauti ukilibonyeza. Siga kavu nayo huungua upande, lakini kwa tabia nyingine: inakimbia, ina joto kali mdomoni, jivu linamomonyoka, na jani la nje hupasuka hata kabla hujawasha. Mtu wa Dar na mtu wa Nairobi wanaweza kupiga picha mbili zinazofanana za siga iliyopinda, na mmoja akahitaji kuongeza maji, mwingine kuyaondoa. Kwa hiyo ushauri wa picha peke yake usiuamini sana.

FundiMwerezi

Nakubaliana na Nairobi Juu kwa kila neno.

Kibarazani, tiba sasa. Toa sifongo, ulikaushe, ulisahau. Nunua zile pakiti za kudhibiti unyevu zinazotoa na kunyonya, zenye asilimia ya unyevu iliyoandikwa juu yake. Kwa pwani yetu chagua ya 65, wala usishawishike na ya 72. Tafuta na kipimo cha tarakimu, nacho kipitie chumvi kabla ya kukiamini. Kasha lako la mbao likiwa halifungi vizuri, kopo la plastiki la chakula lenye mpira kwenye mfuniko litakutunzia siga kuliko kasha la kifahari linalovuja. Mradi liwe jipya na lisiwe na harufu ya pilau. Mimi huweka ndani yake vibao vya mwerezi. Mti unaosifiwa kwa makasha ya siga, ambao Wazungu huuita mwerezi wa Hispania ingawa asili yake ni Amerika ya kitropiki, ndio huu Cedrela odorata uliopandwa hata kwetu Tanzania. Muulize seremala wako, huenda ana mabaki yake karakana.

Usitegemee kuvuta keshokutwa. Jani la nje hukauka kwa siku chache, lakini katikati ya siga huchukua wiki kadhaa kufuata. Ukiivuta njiani, nje imekauka na ndani imelowa, ndipo utaona jani la nje linatangulia na moto wa katikati unazimika.

Matrah

Salaam kutoka Maskati. Mzee Fundi amemaliza mengi, nami naongeza moja ambalo limenitesa miaka miwili kabla sijalielewa, na naamini Dar mnalo pia. Siga nilizihifadhi vyema kabisa, unyevu 65, ndani ya chumba cha kiyoyozi chenye nyuzijoto 20. Nikitaka kuvuta naichukua moja, natoka nayo nje na kuiwasha palepale. Kiangazi, hewa ya bahari hapa ni nzito, miwani inafunga ukungu mara tu unapofungua mlango. Nilikuwa nalalamikia miwani bila kujiuliza kwamba siga iliyo mfukoni ni ya baridi vilevile, na hewa ile inalilowesha jani lake la nje kama inavyoilowesha miwani.

Matokeo yake hayakuwa mtumbwi bali handaki: moto ukatangulia katikati, jani la nje likabaki kama ganda. Unavuta moshi mchungu na ukiuangalia mguu unaona tundu jeusi. Nikaanza kuitoa siga ikiwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki uliofungwa, naiacha nje nusu saa ipate joto la nje, kisha naifungua na kuiwasha upesi. Tatizo likapungua sana. Handaki likishatokea, usihangaike kulikokea moto pembeni. Likate kwa kisu au kikatio mpaka ukute tumbaku iliyojaa, ubanike upya.

Mpita Njia 09

Najifunza, na naufuta ushauri wangu wa mwanzo. Swali la pembeni kidogo: sisi tuna tumbaku Tabora tele. Kwa nini mtu asiviringishe ya kwetu akaepukana na makasha, pakiti na chumvi?

Bwana Shamba Urambo

Swali zuri, na jibu lake linahusu moto. Tumbaku inayolimwa kwa wingi huku kwetu ni ya mvuke, yaani inakaushwa kwa joto la tanuri katika mabani, vile vibanda vya kukaushia, ikabaki na rangi ya manjano na sukari nyingi, nayo inakwenda kwenye sigara za paketi. Jani la siga hukaushwa kwa hewa, linaning'inizwa ghalani kwa wiki nyingi, kisha hulundikwa kwa mafungu makubwa lichachuke na kujipasha moto lenyewe. Katika safari hiyo sukari hupungua sana. Ukiviringisha siga nene kwa jani la mvuke utapata moshi unaouma ulimi.

Kuna jambo la shambani ambalo wavutaji hawalifikirii. Jani lililokulia kwenye kloridi nyingi huungua vibaya, hunyonya unyevu na kuzimika. Potasiamu nayo hulisaidia jani kushika moto. Ndiyo sababu mkulima wa tumbaku hupewa potasiamu ya salfeti, asitumie ile ya kloridi ambayo bei yake ni nafuu zaidi. Kosa la namna hiyo mvutaji hana dawa nalo.

Na kwenye mmea mmoja majani hayaungui sawa. La chini, ambalo Wakuba huliita volado, ni jepesi na hushika moto haraka. La kati ni seco. La juu, ligero, limepigwa na jua kuliko yote, ni nene, lina mafuta na nguvu, na huungua polepole. Mviringishaji anayejua kazi huliweka ligero katikati kabisa, ili moto uchongeke kama penseli na kingo zisaidie kuliunguza. Likiteleza likakaa ubavuni, upande huo utachelewa hata kama siga ilihifadhiwa na malaika.

FundiMwerezi

Umeniwahi, Bwana Shamba. Kosa hilo lipo, ila nadhani watu hulitaja mapema mno kwa sababu halimhusu anayelitaja. Kabla ya kuwasha, pitisha siga kati ya kidole gumba na vidole viwili, kutoka kichwani mpaka mguuni, huku ukiizungusha. Ukikuta mahali pamebonyea, hapo pana uwazi na moto utaruka. Ukikuta fundo gumu, hapo hewa itabanwa.

Na kwa zile zitakazopinda hata hivyo: ikipishana milimita tatu au nne, iache, mara nyingi hujinyoosha. Igeuze upande uliochelewa uwe chini, uvute kwa mwendo wa pafu moja kila dakika au zaidi kidogo. Ikizidi hapo, gusisha mwali mdogo kwenye ukingo uliochelewa bila kuvuta. Wazee wengine hulowesha kidole kwa mate na kukipitisha mbele ya mstari upande unaokimbia. Haipendezi mbele ya wageni, lakini inafanya kazi.

Kibarazani

Wakuu, narudi na taarifa baada ya wiki tano. Baada ya mbili nilizovuta kwa kipimo cha pete na kubanika, zilibaki siga kumi. Ile yenye vumbi jeupe niliifuta na kuitenga. Nyingine tisa zilikaa kwenye kopo la plastiki pamoja na pakiti mbili za 65 na vibao vya mwerezi nilivyopewa bure na seremala, ambaye alitaka sana kujua navitakia nini. Kipimo kipya kinasoma 66, na chumvi imekithibitisha.

Nimevuta tatu. Mbili zimeungua vizuri mpaka chini ya pete, nami sikugusa kiberiti tena baada ya kuwasha; mvuto umelegea, na ladha ya njugu ambayo ndugu yangu alikuwa akiisema nimeipata kwa mara ya kwanza. Ya tatu, ambayo niliihifadhi, nikaibanika na kuivuta mahali palepale kama wenzake, ilipinda tena, upande uleule mwanzo mpaka nusu. Nikaizima, nikaiacha ipoe, nikaipasua kwa wembe juu ya gazeti. Upande uliokuwa ukichelewa kulikuwa na jani moja nene, jeusi, lenye mafuta, limekunjwa mara mbili na kubanwa ubavuni, linagusa kabisa jani la kufungia, lile linaloyashika majani ya ndani chini ya jani la nje. Katikati, ambapo Bwana Shamba alisema lingekaa, kulikuwa na majani mepesi matupu.

Bwana Shamba Urambo

Hilo ndilo ligero lako, halina ubishi. Je, zile zilizobaki umezipitisha vidoleni?

Kibarazani

Nimezipitisha jana zote sita. Tano ziko sawasawa. Moja ina fundo karibu na kichwa. Hiyo nitaivuta peke yangu.